Kwa Binamu Aliyefaulu kwa Hesabu Zangu za Msawazo

Binamu yangu Mejumaa,

Barua hii ingekuwa yako peke yako kama usingenifungia simu. Nikikupigia naambiwa hupatikani, na asubuhi hiyohiyo naona umeweka picha mpya, umevaa koti jeupe la maabara, umeegemea meza yenye vichupa, unacheka. Koti limekukaa vizuri, sikatai. Basi nimeona niandike peupe mtandaoni, mahali ambapo mama anasoma, shangazi zetu wanasoma, na vijana wote wa steji ya boda hapa Msambweni wanasoma, wakati wanajifanya wanasubiri abiria.

Kwa wasiotujua: Mejumaa ni mtoto wa mjomba wangu. Baba yake na mama yangu ni tumbo moja. Mjomba anauza saruji na mabati kule Lunga Lunga mpakani, na Mejumaa alipofika umri wa sekondari akaletwa kwetu Msambweni akae na shangazi yake, yaani mama. Mimi na yeye tulikuwa kidato kimoja, tukala sahani moja, tukagombana kwa ajili ya ndoo moja ya maji. Na kwa kuwa mtoto wa mjomba ni mtani wako, hatukuwahi kusemezana kama watu wazima hata siku moja.

Unakumbuka, Mejumaa? "Mume wangu, kanikaangie mhogo." Ndivyo ulivyokuwa ukiniamsha Jumamosi. Nami nakujibu, "Mke gani huyu miguu kama mwiko, mahari yako nitalipa kwa kuku wa kuazima." Mama anacheka hadi anashika ubavu. Jirani mgeni kutoka bara aliwahi kumwuliza mama kama kweli tumeoana, na tulimwacha aamini muhula mzima.

Barazani palikuwa na ile meza mama aliyokuwa akiandalia mahamri ya kuuza. Akimaliza anaifuta unga, sisi tunaweka vitabu. Wewe ulikuwa bingwa wa kukariri. Ungeweza kusoma jedwali la elementi kama mtu anayesoma majina ya wajomba zake. Mimi kukariri sikuweza. Lakini ngoja nijisifu, maana nikiwasubiri nyinyi mnisifu nitazeeka: kwa hesabu za kemia hakuna aliyenikaribia darasa lile. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinisukumia kitabu chako kwa kiwiko, bila hata kuniangalia, na mimi nakifanya, na wewe unakirudisha kama aliyeazima kisu.

Mdomo ndio ulionitoa shule. Mwalimu alikuwa ubaoni anasawazisha mlingano, akasahau atomu moja ya oksijeni. Nikanyoosha mkono kwa adabu zote. "Mwalimu, kuna oksijeni mmoja umemwacha nje mvuani." Darasa lilicheka, wewe ukacheka kuliko wote, na mimi nikatumwa nyumbani nirudi na mzazi. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa amevimba mguu, hawezi kufika hata dukani. Na kwetu Wadigo, kijana akitakiwa mzazi, anayevaa kanzu kwenda kumsemea ni mjomba. Mjomba akaja, akasikiliza habari ya oksijeni, akajizuia kucheka, akasema, "Mwacheni aendeshe pikipiki mpaka huo mdomo upoe. Ukipoa, mimi mwenyewe nitamrudisha." Nikapanda pikipiki ya jirani. Wewe ukaendelea, ukamaliza kidato cha nne, ukaenda chuo kikuu bara kusomea maabara ya hospitali. Mimi nikabaki steji nikisubiri mdomo upoe.

Haukupoa, lakini nilikuwa nataka shule. Hilo ulilijua wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikwambia siku ulipokuwa unafunga sanduku. Nilisema bila mzaha, na nadhani ndiyo mara ya pekee ulinitazama usinijibu utani.

Muhula wako wa kwanza haujafika kati, ukanitumia picha ya swali. Chini yake umeandika, "Mume wangu nakufa, niokoe." Hesabu za msawazo. Mimi nilikuwa sijafundishwa, tuliishia kabla ya hapo. Nikakwambia, "Nipigie picha maelezo ya mhadhiri wako." Ukanitumia. Nikayasoma nimelala juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani, abiria wananipita wanapanda kwa wenzangu. Vijana wa steji wakasema Hamisi amepata mpenzi, angalieni anavyoitazama simu. Nikawaacha.

Nilielewa siku nilipompeleka mteja Lunga Lunga. Nikasimama pale mpakani nikinywa maji. Boda zinavusha watu kwenda Tanzania, boda nyingine zinawaleta huku. Ukitazama upande wetu utasema uwanja umetulia, watu hawaongezeki wala hawapungui. Kumbe kila anayeondoka kuna anayeingia wakati huohuo. Nikakurekodia sauti palepale, malori yananguruma nyuma yangu: "Binamu, msawazo si kusimama. Ni kwenda na kurudi kwa kasi moja. Ndani ya chombo hakuna aliyelala." Ukanijibu kwamba mhadhiri wenu ameeleza mpaka koo limemkauka na hukumwelewa, lakini hili umelielewa. Sijui kama unakumbuka nilivyofurahi. Nilimbeba yule mteja kurudi bila kupatana naye bei.

Sasa najua wapo wanaosoma hapa na kusema, Hamisi huyo, anajigamba kama kawaida. Haya, chukueni kalamu.

Chombo cha lita moja. Ndani tumetia moli moja ya haidrojeni na moli moja ya iodini. Zinaungana zinatoa haidrojeni iodaidi, na iodaidi hiyo nayo inavunjika kurudi ilikotoka. Namba ya msawazo, ile wanayoiandika Kc, ni 64. Tunaulizwa ukolezo wa kila kimoja mambo yakishasawazika. Ukolezo ni kulekule kukolea kwa sukari kwenye chai: kiasi gani cha kitu ndani ya nafasi gani.

Chora safu tatu. Ya juu ni Mwanzo: moja, moja, sifuri. Ya kati ni Badiliko. Hatujui ni kiasi gani kilichotumika, kwa hiyo tukiite x. Haidrojeni imepungua x, iodini imepungua x, iodaidi imeongezeka x mbili, kwa sababu kila moja na mwenzake wanazaa wawili. Hapa ndipo ulipokuwa ukianguka, Mejumaa, kila swali. Uliandika x moja.

"Wamezaa pacha," nikakwambia. "Mbona umeandikisha mtoto mmoja?"

"Yule mwingine nimemficha, mume wangu. Usimwambie mhadhiri."

Safu ya chini ni Msawazo: moja toa x, moja toa x, na x mbili. Kc ni kilichozaliwa kwa mraba wake, gawanya kwa vile vilivyobaki vikizidishwa pamoja. Kwa hiyo 2x kwa mraba, juu ya 1 − x kwa mraba, ni sawa na 64. Juu mraba, chini mraba, basi usijitese na mahesabu marefu. Toa kipeuo cha pili pande zote. 2x juu ya 1 − x ni 8. Kwa hiyo 2x ni 8 toa 8x, 10x ni 8, na x ni 0.8. Haidrojeni imebaki 0.2, iodini 0.2, iodaidi ni 1.6. Usiniamini mimi, rudisha ujionee: 1.6 kwa mraba ni 2.56, na 0.2 mara 0.2 ni 0.04. Gawanya. 64.

Ila kipeuo cha 64 kinaweza kuwa nane ya kujumlisha na kinaweza kuwa nane ya kutoa. Ukiishika nane ya kutoa, x inakuja 1.33. Wewe uliishika. Ulinitumia jibu hilo na alama za furaha.

"Tupa hilo," nikakwambia.

"Nitupe kwa nini? Hesabu imekubali!"

"Hesabu imekubali, chombo kimekataa. Ulianza na moja. Utatumiaje moja na theluthi?"

Kisha ukaandika, "Wewe shule umeacha ya nini, Hamisi?" Hukuandika mume wangu. Na chini yake ukaandika maneno niliyoyaweka mpaka leo: "Nitamwambia baba. Nitamwambia hizi kazi unanisaidia wewe, akurudishe. Wewe nisubiri nikija likizo."

Nikasubiri. Maswali yakaendelea kuja. Amonia, gesi ya kahawia inayobadilika rangi ikipashwa moto, asidi ya siki ambayo x yake ni ndogo mpaka unairuhusu ipotee. Yote niliyafanya. Alama zikaja, ukanitumia picha yake, na mama akampikia kila mtu aliyepita barazani chai kwa furaha yako.

Ukaja likizo. Harusi ikatukuta Ramisi, kwa shangazi yako, mdogo wake mama. Wanaume tumezunguka sinia ya pilau, mjomba ameketi katikati, na wewe unapita na jagi la sharubati. Mjomba akasema kwa sauti, ili watu wa sinia jirani wasikie, "Mejumaa, nasikia kemia umewatoa jasho wabara."

Wewe ukainamisha kichwa kwa haya. Haya, wewe!

Nikasema, "Mjomba, alama zile ni zangu. Mimi ndiye ninayemfanyia."

Sinia nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja alipaliwa na pilau, akapigwa mgongo. Nikasubiri useme neno. Kwetu mtani akisema "utani kando," kila mtu hunyamaza, hata mtoto hujua hapo sasa ni kweli. Mimi nilishalitumia neno hilo vibaya mno, nimemlaghai nalo mjomba tangu nina meno ya utoto, kwangu halina nguvu tena. Lako lilikuwa bado zima. Ukaweka jagi chini, nikadhani ndiyo hiyo inakuja.

"Ndiyo, baba," ukasema. "Huyu ndiye profesa wangu. Anafundishia juu ya pikipiki."

Mjomba alifuta machozi. "Nyinyi wawili mtaniua," akasema.

"Wallahi mjomba, ni kweli," nikasema.

"Na mimi wallahi nimeshiba," akanijibu, wakacheka upya.

Nilikusamehe. Nilisema moyoni, pale palikuwa na watu wengi, atamwambia baba yake faraghani. Ukarudi chuo. Maswali yakaendelea kuja. Nikakuuliza, umemwambia? Ukasema, nangoja apate nafasi, unajua biashara.

Nikachoka kungoja nafasi ya watu wengine. Juzijuzi nikaenda Lunga Lunga mwenyewe. Nimevaa shati la kuchomekea, nimenyoa. Mjomba yuko mbele ya duka anasimamia lori linaloshusha mabati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, bwana harusi! Umeshaposa?"

Nikacheka, maana nilidhani ni utani wa kawaida. "Bwana harusi wa nani tena?"

"Si ulinitumia salamu? Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Hamisi. Nilivaa kanzu kama nilivyoahidi. Akakubali akupokee, ulale bweni, umalize. Nikamwambia Mejumaa akuulize kama uko tayari. Akaja akaniambia, 'Baba usijisumbue, mume wangu hataki shule, anataka mke.' Nikamrudia mwalimu mkuu kumwomba radhi. Niliona haya, kijana wangu. Niliona haya sana."

Nilimwuliza ni lini. Akasema ni likizo ileile, siku chache kabla ya harusi. Yaani wakati unapita na jagi, jibu langu ulikuwa umeshalipeleka.

Nikamwambia sikuulizwa, sikusema. Nikamweleza habari ya maswali yote, nikamwonyesha simu. Mjomba alitazama zile x na mishale, akanirudishia. Yeye ni mtu wa saruji, angejuaje kama ni kemia ya chuo au ni michoro yangu? "Hamisi," akasema, na sauti haikuwa na ukali, "tangu mzaliwe sijawahi kusikia jambo la kweli kutoka kwenu mkiwa wawili. Ngoja tumwulize mwenyewe."

Akakupigia, akaweka sauti ya nje. Wapakuzi wa mabati wakasimama kusikiliza. Akakuuliza kwa utaratibu kabisa, kama baba. "Mejumaa, Hamisi alisema hataki shule, au hukumwuliza?"

Nilisikia kelele za wenzako nyuma yako. Kisha ukacheka. Nakijua kicheko chako, kile hakikuwa chenyewe.

"Baba naye! Huyo mume wangu anakutania."

Mjomba akakata simu, akaitia mfukoni. "Umesikia," akasema. Akarudi kwenye mabati yake. Wapakuzi nao wakarudi. Hakuna aliyenicheka, na ningependa wangenicheka.

Nilikupigia njiani, nimeegesha pembeni. Ulishika, hilo nakupa. Ukaongea kwa kunong'ona. "Hamisi, nikimwambia sikukuuliza, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, ataniuliza alama ni za nani. Ataniondoa chuoni. Nilianza kama utani, yeye akaushika kweli. Ningoje nimalize tu."

"Umalize ndipo nianze?"

"Bweni hakuna simu, Hamisi. Ungenisaidiaje?"

Nadhani lilikuponyoka. Ukakata, na tangu hapo hupatikani.

Labda ni kweli ulianza kwa mzaha. Mimi na wewe tunajua neno linavyoweza kukutoka kabla hujalitazama. Lakini ulipoona baba yako ameamini, ulikuwa na njia ya kurudi kumsahihisha, nawe ukapima: upande huu bweni lisilo na simu, upande ule kijana yuko steji na betri imejaa. Ukachagua steji. Kisha jioni ukanitumia swali.

Kinachoniuma si alama. Ningekufanyia hata za dawa, hata za upasuaji, na kukuombea dua juu yake. Ulikuwa hujui x, ukaniuliza, nikakupa, hakuna ubaya hapo. Ila mimi nilikuwa na ombi moja tu, nililokwambia wewe kwa kuwa wewe si mgeni, na wewe ndiye mtu wa pekee duniani aliyejua sitanii.

Najua watu wetu wakimaliza kusoma hapa watacheka. Watasema wale watani wameanza tena, na safari hii wameandika na hesabu. Ndiyo maana siogopi kuyaanika haya, na ndiyo maana kuyaanika hakutanisaidia. Mimi hata nikiapa mbele ya msikiti, mjomba ataniuliza kama nimeshaposa. Anangoja sauti yako.

Sitaki umwambie habari ya alama. Akikuuliza, mwambie nilikuwa najigamba, atakuamini upesi. Mwambie tu hukuniuliza, na kwamba mke sikumtaka. Hayo ni maneno ya pumzi moja. Mwalimu mkuu hajampa mtu mwingine ile nafasi, nilikwenda mwenyewe nikauliza mlangoni, lakini amesema hatampokea kijana asiyekuja na mtu wake, na muhula uko karibu kuanza. Nikiingia nitakuwa na ndevu katikati ya watoto. Nimekubali. Nitawafundisha wao pia, wasiponichoka.

Ukinyamaza nitaelewa. Sitakutukana kwenye barua ya pili, wala mama sitamwambia akuchukie, maana anakuombea kila swala na dua zake si zangu kuzigawa. Ila utani wetu utakuwa umekwisha. Utakuja likizo, utaniita kutoka mlangoni vile ulivyozoea, nami nitakuitikia "Naam, dada," nikukaribishe kiti, nikuulize habari za safari. Watu wa nyumbani watashangaa kuna nini. Tutakuwa na adabu, mimi na wewe, kama watu waliojuana juzi.

Swali la jana nimelipata, lile ulilolituma kwa simu ya rafiki yako, ukadhani sitajua ni wewe. Jibu ninalo. Jaribu mwenyewe kwanza, una kichwa.

Mjomba hufunga duka kwenda kuswali adhuhuri, na baada ya hapo malori humtia wazimu hata hasikii mtu. Mpigie asubuhi, akiwa bado amekaa na kahawa yake.

Ni mimi mtoto wa shangazi yako,
Hamisi, Msambweni